Mafunzo ya mawasiliano na ustahimilivu kwa wauguzi na wakunga: njia nne na namna ya kuchagua

Muuguzi kiongozi wa wodi ya wazazi anapoambiwa na mganga mfawidhi kwamba kuna fedha kidogo za mafunzo, na kwamba malalamiko ya kina mama yamezidi, mara nyingi hujikuta na mapendekezo kadhaa mezani ambayo yote yanadai kutibu maradhi yale yale. Lipo la semina ya siku tatu kuhusu lugha nzuri kwa wateja, lipo la mazoezi ya timu kwa kutumia mwanasesere, lipo la vikao vya wafanyakazi kuzungumzia yaliyowasibu kazini, na lipo la masomo ya kwenye simu ambayo kila mtu atayasoma kwa wakati wake. Yote huitwa mafunzo ya mawasiliano, na siku hizi neno ustahimilivu limeongezwa karibu katika kila pendekezo. Nimefanya kazi ya ukunga kwa miaka mingi, na baadaye nimefundisha wakunga walioko kazini, na nimeona kila moja ya njia hizi ikisaidia mahali fulani na kupoteza muda wa watu mahali pengine. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya yule anayetakiwa kuchagua moja au mbili, akijua kwamba fedha hazitatosha kwa zote.

Vigezo kwanza

Swali la kwanza ni mahali tatizo lilipo. Katika wodi ya wazazi maneno hupita katika mapito matatu. Kuna maneno kati ya mkunga na mama anayejifungua pamoja na ndugu zake. Kuna maneno kati ya wahudumu wenyewe, hasa wakati wa makabidhiano ya zamu na pale mkunga anapompigia simu daktari usiku wa manane. Halafu kuna maneno ambayo hayasemwi popote, yale yanayobaki moyoni baada ya mama kufariki mikononi mwa mtu ambaye saa moja baadaye anatakiwa kumpokea mama mwingine na kumwambia karibu. Mafunzo yanayotengeneza pito la kwanza hayatengenezi la tatu, na makosa mengi ya uchaguzi niliyoyaona yalianzia hapo: watu waliovunjika moyo walipelekwa kufundishwa kutabasamu.

Swali la pili ni nani atabaki wodini wakati wengine wanafundishwa, kwa sababu zamu yenye wakunga wawili haiwezi kumtoa mmoja kwa siku tatu bila mama fulani kulipia. La tatu ni ushahidi, na hasa ushahidi uliokusanywa katika hospitali zinazofanana na zetu. La nne ni kinachobaki baada ya miezi sita. La tano, ambalo huulizwa mara chache, ni madhara ambayo mafunzo yenyewe yanaweza kuleta yakifanywa vibaya.

Kabla ya kwenda mbele, lazima niseme jambo kuhusu neno ustahimilivu, kwa kuwa limeanza kutumiwa kufunika mambo ambayo hayapaswi kufunikwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipoeleza uchovu wa kazi mwaka 2019 katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, liliuita hali inayotokana na msongo wa muda mrefu mahali pa kazi ambao haukushughulikiwa ipasavyo, na halikuuhesabu kuwa ugonjwa wa mtu. Maana yake ni kwamba chanzo kiko kazini, na dawa yake ya kwanza iko kazini pia. Muuguzi aliyefundishwa kunyamaza wakati glovu zimekwisha na zamu imeunganishwa na nyingine hajafundishwa ustahimilivu, amefundishwa kuvumilia. Njia yoyote kati ya hizi nne itakayouzwa kama mbadala wa kuajiri watu na kununua vifaa ikataliwe, hata kama mkufunzi wake ni hodari.

Njia ya kwanza: semina ya siku chache

Inachofundisha. Semina nzuri huwatoa watu wodini kwa siku mbili hadi tano na kuwapa nafasi ya kujitazama kwa mbali, jambo ambalo haliwezekani katikati ya zamu. Hufundisha namna ya kumsalimia mama, kujitambulisha, kumweleza kila hatua na kuomba ridhaa kabla ya kumpima, kutunza faragha, na kumpa habari mbaya bila kumkimbia. Iliyo bora zaidi hutumia igizo dhima badala ya mihadhara. Nakumbuka semina moja ambayo mkunga mwenye uzoefu mkubwa aliombwa alale juu ya meza mbili zilizounganishwa, amejifunika kanga, huku wenzake wawili wakiigiza kumpima njia na kusimuliana juu ya mwili wake habari za kikoba chao. Mwenzake wa tatu akatamka ile kauli tunayoijua sote, "Mbona ulipokuwa unaitafuta hukulia?" Chumba kilicheka. Yule mkunga hakucheka, aliinuka taratibu, akakaa ukingoni mwa meza akiwa bado ameishika kanga kifuani, akasema, "Kumbe dari ndiyo unayoiangalia muda wote." Hakuna mhadhara ambao ungefika pale alipofika yeye kwa dakika nne.

Muda na gharama. Ni njia ya gharama kubwa kuliko zote: posho, nauli, ukumbi, chakula, mkufunzi. Wodi hubaki na pengo, na walioachwa nyuma hubeba mzigo wa walioondoka.

Ushahidi. Nchini Kenya mradi wa Heshima, uliofanyika katika hospitali na vituo 13, ulitumia warsha za kuwasaidia wahudumu kuchunguza mitazamo yao kuhusu wanawake wanaowahudumia, na idadi ya wanawake walioripoti kudharauliwa au kutendewa vibaya wakati wa kujifungua ilishuka kutoka asilimia 20 hadi 13. Hata hivyo warsha hizo hazikusimama peke yake. Ziliambatana na ushauri nasaha kwa wahudumu, usimamizi wa vituo na majadiliano na jamii, na si haki kuipa semina sifa yote. Upande wa pili, hospitali ya Haydom mkoani Manyara ilichunguza kozi ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba washiriki walifanya vizuri zaidi kwa mwanasesere, lakini namna walivyowahudumia watoto halisi haikubadilika. Ile ilikuwa kozi ya ujuzi wa mikono, si ya lugha, lakini somo lake linaihusu kila kozi inayofanyika mara moja na kwisha.

Udhaifu. Anayechaguliwa kwenda semina mara nyingi ndiye aliyekwisha kuwa msikivu, au ndiye ambaye zamu yake ya kupata posho imefika. Anarudi peke yake kwenye wodi isiyobadilika, anajaribu lugha mpya kwa wiki mbili, anachekwa kidogo, kisha anaiacha. Cheti kinaingia kwenye faili. Kwa ustahimilivu semina hutoa kidogo sana. Siku ya mapumziko mbali na wodi ni ahueni ya kweli, lakini ahueni hiyo huisha kwenye basi la kurudi.

Inamfaa nani. Inaifaa wodi ambayo tatizo lake liko wazi katika pito la kwanza, la maneno kwa kina mama, na ambayo uongozi wake uko tayari kupeleka watu wengi kwa mafungu, akiwemo muuguzi kiongozi mwenyewe na daktari, si mjumbe mmoja.

Njia ya pili: mazoezi mafupi ya mara kwa mara wodini

Inachofundisha. Hapa hakuna anayekwenda popote. Timu ya zamu hukutana kando ya kitanda kisicho na mtu, kwa dakika chache, inaigiza tukio moja, kisha inazungumza kuhusu ilivyokwenda. Mkunga mmoja hufunzwa kuwa mwezeshaji. Tukio linaweza kuwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, mtoto asiyelia, au kifafa cha mimba, na ndani yake mnafanya mazoezi ya kugawana kazi kwa kutajana majina, kurudia agizo ulilosikia ili aliyelitoa ajue limesikika, na kusema kwa sauti pale unapoona jambo linakwenda vibaya hata kama anayekosea ni mkubwa wako. Mpango wa TeamSTEPPS, uliotolewa nchini Marekani mwaka 2006 na idara ya ubora wa huduma za afya kwa kushirikiana na wizara ya ulinzi, unafundisha kwamba onyo lipande kwa ngazi: kwanza unasema una wasiwasi, kisha unasema hili halikupi amani, na mwisho unasema wazi kuwa usalama wa mgonjwa uko hatarini. Kwetu, ambako mdogo hamkatizi mkubwa, ngazi hizo zina faida ya pekee, kwa maana mtu anapewa maneno ambayo timu nzima imekwisha kubaliana kuwa si utovu wa adabu.

Kifaa kingine ni SBAR, mpangilio wa kutoa taarifa kwa ufupi, kilichoanzia katika nyambizi za jeshi la majini la Marekani na kuingia hospitalini kupitia Kaiser Permanente, shirika la huduma za afya, la Colorado. Kwa Kiswahili mimi hufundisha maneno manne: hali, historia, maoni, ombi. Tofauti yake huonekana usiku kwenye simu. Bila mpangilio, mkunga husema, "Daktari, samahani kukusumbua, kuna mama hapa amejifungua, sijui, naona kama hayuko vizuri." Daktari anauliza maswali sita, anasema endelea kumwangalia, na dakika kumi zimekwisha. Kwa mpangilio, mkunga yule yule husema hivi: "Daktari, ni mkunga wa zamu, leba. Mama wa kitanda cha nne anavuja damu nyingi, presha ni 85 kwa 50 na mapigo ni 128. Ni uzazi wake wa tano, amejifungua dakika 20 zilizopita, kondo limetoka lote, na nimempa oksitosini yuniti 10. Naona mfuko wa uzazi umelegea. Naomba uje sasa hivi; wakati unakuja ninaendelea kuukanda, ninaweka dripu ya pili na ninatuma sampuli ya damu maabara." Zile sekunde 30 zimebeba kila kitu, na neno naomba uje limesemwa bila kuomba radhi.

Muda na gharama. Muda ni mfupi na gharama ni ndogo baada ya kununua mwanasesere na kumfundisha mwezeshaji. Hakuna posho, na ukosefu huo wa posho ndio unaowafanya wengine wasiyaone mazoezi haya kuwa mafunzo.

Ushahidi. Hapa ndipo ushahidi wa Tanzania ulipo mwingi. Haydom, baada ya kuona kozi ya siku moja haitoshi, walianzisha mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki na marudio ya dakika 40 kila mwezi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Baadaye mpango wa Safer Births uliyapeleka mazoezi ya timu ya kila mara katika hospitali na vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, pamoja na vifaa vya kusikilizia mapigo ya mtoto, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto wachanga katika siku ya kwanza vikipungua kwa takriban asilimia 40. Kilichopimwa ni uhai wa watoto, si uzuri wa maneno. Lakini mtoto asiyelia haokolewi na mkono mmoja, na mazoezi yenyewe ni ya mikono na maneno kwa pamoja.

Udhaifu. Mazoezi haya yanategemea mtu mmoja au wawili wenye moyo, na mwezeshaji akihamishiwa kituo kingine yanakufa kimya kimya. Mwezeshaji mkali pia anaweza kuyageuza kuwa mtihani wa hadharani, na mkunga aliyeaibishwa mbele ya wanafunzi hatarudi tena. Vilevile yanazungumza kidogo kuhusu mama kama mtu mwenye hofu, timu inaweza kuwa hodari wa kuzuia damu na bado isimweleze mama kinachoendelea, isipokuwa mwezeshaji aweke makusudi mtu wa kuigiza mama anayeuliza, "Sista, nakufa?"

Inamfaa nani. Inaifaa wodi yenye wahudumu wanaokutana mara kwa mara, yenye matukio ya dharura, na ambayo mapitio ya vifo vya uzazi yanarudia sababu zile zile: kuchelewa kuita, kuchelewa kuja, agizo lililosikika vibaya.

Njia ya tatu: vikao vya tafakari

Inachofundisha. Kikao cha tafakari hakifundishi mbinu. Kinawapa watu mahali pa kusema. Kipo katika sura mbalimbali. Kundi la Balint lina jina la Michael Balint, tabibu mzaliwa wa Budapest aliyeanza miaka ya 1950 jijini London kuwakusanya madaktari wa kawaida wazungumze kuhusu wagonjwa waliowasumbua moyoni. Vikao vya Schwartz vina jina la Kenneth Schwartz, mwanasheria wa Boston aliyefariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1995 na kuacha ujumbe kwamba wema mdogo mdogo wa wahudumu ndio uliofanya mateso yake yavumilike. Katika vikao hivyo wafanyakazi watatu au wanne wa kada tofauti husimulia kwa ufupi tukio lililowagusa, kisha wengine hujibu kwa yao, bila mtu kutafuta mkosaji wala suluhisho. Uingereza ilikuwa na usimamizi wa kisheria wa wakunga tangu sheria ya mwaka 1902. Ulipoondolewa mwaka 2017, England, mojawapo ya nchi zinazounda Uingereza, ilianzisha mpango ambao sehemu yake kubwa ni usimamizi wa kumrejeshea mkunga nguvu, anapokaa na mkunga mwenzake aliyefunzwa kusikiliza.

Kikao kizuri hakina mapambo. Viti kwenye duara katika chumba cha chai, mlango umefungwa, simu zimezimwa, chai na maandazi mezani, saa moja tu. Katika kimoja nilichokaa, dada wa usafi, ambaye hakuwa amealikwa rasmi bali aliingia kuchukua vikombe na akaambiwa akae, alisema kwamba mama alipofariki wiki ile, yeye ndiye aliyefua mashuka na kuokota kiatu cha mtoto kilichokuwa kimefungwa kwenye pindo la kanga ya marehemu, na hakujua ampe nani. Wauguzi waliokuwepo zamu ile hawakujua habari ya kiatu. Baada ya hapo, makabidhiano ya zamu katika wodi ile yalibadilika bila agizo: waliposema kitanda cha pili amefariki, walianza kutaja jina.

Muda na gharama. Saa moja kwa mwezi, na chai. Kinachogharimu ni kumpata mwezeshaji, kwa kuwa si kila mtu mpole anaweza kuongoza kikao cha namna hii. Inafaa awe amefunzwa ushauri nasaha, awe mfanyakazi wa ustawi wa jamii au muuguzi wa afya ya akili, na asiwe bosi wa waliopo.

Ushahidi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu vikao vya Schwartz uliona kuwa miongoni mwa waliohudhuria mara kwa mara, wenye dalili za msongo mkubwa walipungua kutoka asilimia 25 hadi 12, wakati miongoni mwa wasiohudhuria walitoka 37 hadi 34 tu. Waliohudhuria walijichagua wenyewe, na mazingira ni ya Uingereza, kwa hiyo nausoma kama dalili njema na si hakika. Kwetu, katika kaunti ya Migori nchini Kenya, mpango wa kuwatunza watoa huduma ili nao wawatunze kina mama umejaribu kuunganisha mafunzo na makundi ya kusaidiana miongoni mwa wahudumu wenyewe, pamoja na ulezi wa kitaaluma.

Udhaifu. Hapa ndipo madhara yanapoweza kuwa makubwa zaidi. Likitoka neno la kikaoni likafika kwenye barua ya onyo, hakuna kikao kitakachowezekana tena katika hospitali hiyo kwa miaka. Kikao cha tafakari kisichanganywe kamwe na kikao cha mapitio ya kifo, ambacho kina kazi yake ya kutafuta sababu na kina kumbukumbu za maandishi. Wala mtu asilazimishwe kusimulia. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia ambao WHO ilishiriki kuutoa mwaka 2011 unasisitiza mambo matatu, yaani kuangalia, kusikiliza na kuunganisha, na unaonya dhidi ya kumshinikiza aliyepatwa na jambo zito alieleze kabla hajawa tayari. Mkunga akikaa kimya saa nzima, akanywa chai yake akaondoka, ameshiriki.

Inamfaa nani. Inaifaa wodi iliyopitia vifo au kesi nzito, ambako watu wameanza kuwa wakavu, wanaita kina mama kwa namba za vitanda, wanaomba uhamisho mmoja baada ya mwingine. Haiifai wodi ambayo uongozi wake bado unatafuta wa kumlaumu. Hapo kwanza uongozi ubadilike.

Njia ya nne: kujisomea, kwa simu au kitabu

Inachofundisha. Masomo ya kwenye simu hueleza kanuni za mawasiliano, hutoa visa vifupi na maswali. Kwa upande wa msongo, WHO ilitoa mwaka 2020 kitabu cha michoro chenye sehemu tano za mazoezi mafupi: kujirudisha kwenye kilichopo unapochukuliwa na mawazo, kujitenga na mawazo yanayokuandama, kutenda kwa kufuata unayoyathamini, kuwa mwema, na kuyapa nafasi mawazo na hisia nzito zisizoondoka. Zoezi la kwanza linaweza kufanywa umesimama kwenye sinki unanawa mikono, nyayo zikisikia sakafu, kabla ya kurudi leba.

Muda na gharama. Bando la intaneti na dakika 15. Ni njia pekee inayomfikia muuguzi wa zahanati aliye peke yake, na masomo yanayotambuliwa na baraza la uuguzi humsaidia mwenye kuhuisha leseni kupata alama za mafunzo endelevu. Wengi, hata hivyo, huyasoma usiku baada ya zamu, na mafunzo ya kupunguza uchovu yanayosomwa kwa kuiba usingizi yanajipinga yenyewe.

Ushahidi. Mazoezi hayo ya WHO yalijaribiwa kama kozi ya vikundi, kwa sauti iliyorekodiwa na kitabu cha michoro, miongoni mwa wanawake 694 wakimbizi wa Sudan Kusini nchini Uganda, na matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha msongo wao ukipungua zaidi kuliko wa wale waliopata huduma ya kawaida. Hawakuwa wauguzi, na walikaa pamoja. Anayesoma peke yake asitarajie kupata yote waliyopata wao.

Udhaifu. Mazungumzo hujifunzwa ukiwa na mtu mwingine mbele yako. Unaweza kupata alama zote kwenye simu na bado kigugumizi kikakushika mbele ya baba aliyefiwa.

Inamfaa nani. Inamfaa aliye mbali, na anayetaka msingi kabla ya kuingia kwenye njia nyingine.

Kabla hujatumia fedha za mafunzo

Mkoani Tanga, katika wilaya za Korogwe na Muheza, mradi wa Staha haukuanza na darasa. Ulianza kwa wananchi na wahudumu kukubaliana mkataba wa huduma, kisha wodi yenyewe ikatafuta nini kinaweza kutengenezwa: mapazia, mahali pa faragha pa kumpokea mama, kuuliza maoni ya kina mama wanapotoka, hata chai kwa walioko zamu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha uwezekano wa mwanamke kutendewa vibaya ukipungua kwa asilimia 66. Nalitaja hili kwa sababu mara nyingi kauli chafu leba hutoka kinywani mwa mtu ambaye hajala tangu asubuhi, akimhudumia mama wa tatu kwa wakati mmoja, bila pazia la kumfunika hata mmoja. Ikiwa fedha zako zinatosha ama semina ama mapazia na birika la chai, uliza wodi kabla hujaandika barua ya kumwalika mkufunzi.

Kuchagua kulingana na hali

Ikiwa malalamiko yanatoka kwa kina mama na yanahusu lugha, anza na mambo ya Tanga, kisha peleka semina kwa mafungu matatu au manne ili theluthi mbili ya wodi iwe imepita ndani ya miezi michache, na mkufunzi akubali kurudi wodini baada ya miezi miwili kuwaona kazini. Mkufunzi asiyekubali kurudi, tafuta mwingine.

Ikiwa daftari la mapitio linaonyesha kuchelewa na kutoelewana kati ya wahudumu, usitumie fedha kwa ukumbi. Wafundishe wawezeshaji wawili, si mmoja, ili uhamisho wa mmoja usiue kazi. Bandikeni maneno manne kando ya simu ya wodi. Na mwombe daktari wa zamu awemo kwenye mazoezi angalau mara moja kwa mwezi, kwa maana mkunga aliyefunzwa kusema hana faida mbele ya daktari asiyefunzwa kusikiliza.

Ikiwa wodi imefiwa, na wahudumu wanaonekana wamezimika, vikao vya tafakari vitangulie mengine yote. Subiri siku chache, usilazimishe, anza na watu wanane hivi, na upate kwa maandishi ahadi ya uongozi kwamba hakuna kitakachosemwa humo kitakachotumiwa popote. Atakayeendelea kukosa usingizi, kulia au kutoweza kuingia leba apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili kwa siri ile ile anayopewa mgonjwa mwingine yeyote.

Kwa chuo kinachoandaa wanafunzi, mazoezi mafupi na igizo dhima viende pamoja tangu mwaka wa kwanza, kabla mwanafunzi hajazoea anayoyakuta wodini.

Na kwa mkunga aliye peke yake zahanati, ambaye hana timu ya kufanya nayo mazoezi wala duara la kukaa: chukua kitabu cha mazoezi ya msongo, soma sehemu moja kwa wiki, kisha mtafute mkunga wa zahanati ya jirani mkubaliane siku moja ya wiki na saa moja ya kupigiana simu. Nusu saa ya kwanza fanyeni zoezi la kutoa rufaa kwa maneno manne, mmoja akiwa mkunga na mwingine daktari wa hospitali ya wilaya. Nusu saa ya pili kila mmoja amweleze mwenzake mama mmoja ambaye hajamtoka akilini wiki hiyo, na anayesikiliza asikilize tu hadi mwenzake amalize.